Injini ndogo za mipigo minne hazifii angani, zinafia kabatini (uzi maalumu wa usafi na matunzo)

Kipanga:

Wakuu salaam.

Kila masika yakiisha, ujumbe ninaopata kutoka kwa warusha ndege mfano wenzangu ni ule ule. "Injini niliiweka ikiwa nzima kabisa, leo nimeitoa imekaza, haizunguki." Mwingine yake inazunguka, ila beringi zinalia. Nimeona nifungue uzi mmoja wa kueleweka ili anayekuja nyuma asianze kutafuta huku na kule.

Nazungumzia injini za mipigo minne za ndege mfano zinazotumia methanoli na plagi ya gloo (plagi inayowasha mafuta kwa waya wenye joto, si kwa cheche): OS, Saito, Enya, na zile za Kichina zilizofuata michoro ya OS. Kwa asiyejua historia, hizi injini zimeingia mikononi mwa watu wa kawaida tangu 1976, pale OS wa Osaka walipotoa FS-60. Saito wakafuata, nao walikuwa wamezoea kutengeneza injini za mvuke za boti ndogo. Ndiyo maana mpaka leo bado unakuta injini ya miaka ya themanini inanguruma vizuri tu, na ya juzi imeoza. Umri hauhusiki sana. Kinachohusika ni jinsi ilivyolazwa baada ya kuruka.

Sababu ni hii. Kwenye injini ya mipigo miwili, mchanganyiko mbichi unapita tumboni mwa injini kila mzunguko, kwa hiyo krenki na beringi zinaoshwa na oili muda wote. Ya mipigo minne haiko hivyo. Mafuta yanaingia juu moja kwa moja kupitia valvu. Kinachofika chini ni kile kinachopenya pembeni mwa ringi: oili kidogo, methanoli ambayo haijaungua, na mvuke wa maji, maana methanoli ikiungua inazaa maji. Methanoli yenyewe inavuta unyevu wa hewa. Mafuta yakiwa na naitromethani (kiongeza nguvu), masalia yake yana asidi. Injini ikipoa, mvuke ule unageuka matone, na matone yanakaa kwenye beringi ya nyuma na kwenye beringi ndogo za kamshafti. Kutu inaanza usiku ule ule. Ukiwa Dar, Tanga au Unguja, hewa yenyewe inaisaidia kutu kazi.

Kwa hiyo matunzo makubwa ya injini hii ni dakika chache za mwisho uwanjani, kabla hujafunga boksi lako. Mimi nafanya hivi.

Ndege ikishatua mara ya mwisho, siizimi kwa kufunga kabureta. Nabana mpira wa mafuta, injini inaendelea kunguruma kwenye sailensa (mizunguko ya chini kabisa) mpaka inakunywa tone la mwisho na kuzima yenyewe. Naiwasha tena kama inakubali, mpaka inagoma kabisa. Hapo mafuta mabichi yamekwisha ndani, na joto limefukuza sehemu kubwa ya maji. Kisha natoa plagi, natia matone ya oili kwenye tundu la plagi, mengine kwenye mdomo wa kabureta ukiwa wazi kabisa, halafu (hapa ndipo wengi wanaparuka) natia oili kwenye kipumulio. Kile kibomba kidogo kilicho nyuma au chini ya tumbo la injini hakikuwekwa kwa ajili ya kutoa uchafu tu. Ndiyo njia pekee ya kuzifikia beringi bila kufungua kitu. Naelekeza pua ya ndege juu, oili inateremka mpaka nyuma, nazungusha pangaboi kwa mkono mara kadhaa, naelekeza pua chini ifike na beringi ya mbele, nazungusha tena.

Kabla ya kutia oili, angalia kwanza kinachotoka kwenye kipumulio. Kidondoshee kwenye karatasi nyeupe. Kijivu kwenye injini mpya ni chuma kinachozoeana, si tatizo. Kahawia ya mafuta yaliyoungua ni kawaida. Ukiona rangi ya chungwa iliyoiva, au vumbi jekundu linalobaki baada ya oili kusambaa, beringi imeshaanza kuliwa hata kama hujasikia mlio wowote.

Nitaendelea na tapeti (kurekebisha nafasi ya valvu) kesho. Karibuni kwa maswali.

Mbuyuni:

Mkuu Kipanga, heshima yako. Nimeweka kambi hapa. Swali: oili gani hasa? Kuna jamaa anatia oili ya injini ya gari, mwingine anapuliza WD-40 basi.

Kipanga:

Oili ya vifaa vinavyoendeshwa kwa upepo wa kompresa ndiyo naipenda kuliko zote. Ni nyepesi, imetengenezwa kuzuia kutu mahali penye maji, na maduka ya vifaa vya gereji wanayo. Oili ya gia boksi ya otomatiki nayo wengi wanaitumia miaka na miaka na inafanya kazi. WD-40 inafukuza maji vizuri, ila ni nyembamba mno kukaa miezi. Ipulizie kwanza ukitaka, kisha oili halisi ifuate. Oili nzito ya gari inachelewa kufika kwenye beringi na haichangamani na mafuta ya methanoli, kwa hiyo siku ya kuwasha inasumbua. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanageuka gundi.

Angalizo kwa wenye YS: injini hizo zina viwambo na mipira laini kwenye mfumo wa mafuta, na oili za petroli zinaivimbisha mipira ya silikoni. Fuata kijitabu chake. Hata kwenye OS na Saito, futa oili isikae kwenye mipira ya silikoni ya tangi.

Mwana wa Nyali:

Vipi ndugu, salamu kutoka Mombasa. Huku mafuta ya kununua ni ghali, na kuyasafirisha kwa ndege ni shida tupu. Sisi tunachanganya wenyewe, methanoli na mafuta ya nyonyo. Je, nyonyo za dukani za kupaka nywele zafaa? Na ile ngozi ya kahawia inayoganda kwenye silinda, waitoa vipi? Yangu imekuwa kama ukoko wa sufuria.

Kipanga:

Karibu ndugu yangu. Nyonyo ni oili nzuri sana kwa injini hizi, haikimbii hata injini ikikosa mafuta ikapata joto kali. Lakini za nywele hapana. Nyingi zina manukato na mafuta mengine ndani, na hujui kimechanganywa nini. Tafuta nyonyo safi iliyochujwa, isiyo na kitu kingine. Oili yote kwa pamoja ikae kwenye asilimia 20 kwa injini ya mipigo minne, na usijaribu kubana hapo ili kuokoa hela. Ukiweza, sehemu kubwa iwe sinteti na nyonyo kidogo juu yake, hiyo ngozi ya kahawia itapungua, maana ni nyonyo iliyookwa.

Na kwa kuwa umetaja methanoli, niseme kwa uzito wote: chupa yake iandikwe SUMU, ifungwe, ikae mbali na watoto na mbali na chupa za kinywaji. Mei 2014 hapo hapo Kenya pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu, na waliopona baadhi walipoteza macho. Moto wake pia hauonekani mchana wa jua. Kama umemwaga uwanjani, usiwashe injini mahali hapo.

Sasa ngozi ya kahawia. Dawa yake ni kulanti ya gari, ile yenye ethilini glaikoli, ikipashwa moto taratibu. Unafungua injini, unatoa kabureta, plagi, mipira yote, plastiki zote na beringi. Silinda, ekzosi na bodi vinazama kwenye sufuria la zamani lenye kulanti, moto mdogo, chini kidogo ya kuchemka, saa kadhaa hata usiku kucha kama una sufuria la umeme la joto la chini. Fanya nje, penye hewa. Ngozi inalainika mpaka mswaki wa meno unaitoa. Suuza kwa maji ya moto, kausha pale pale kwa mashine ya kukaushia nywele, na paka oili kabla chuma hakijapoa. Sufuria hiyo haitarudi jikoni tena maisha. Kulanti ni tamu mdomoni na inaua, paka na watoto wanaifuata ladha, kwa hiyo usiiache wazi hata dakika moja.

Soda kostiki na magadi usiviguse. Mmeona sufuria la alumini linavyokuwa jeusi likipikiwa magadi? Silinda nayo ni alumini, na soda kostiki inaila mpaka inatoboka. Dawa nyingi za kusafishia oveni zina kostiki hiyo hiyo, soma kopo kwanza.

Chuma Chakavu:

Mimi natofautiana nawe kidogo mkuu. Kila mwisho wa mwaka naifungua yote hadi krenki, nasafisha kipande kimoja kimoja, narudisha. Injini ni mashine, lazima ifunguliwe ionekane.

Kipanga:

Mkuu, naheshimu mkono wako, lakini kwa wanaosoma uzi huu nasema hapana. Injini isiyo na dalili usiifungue. Kila ukifungua unaharibu gasketi nyembamba, unachosha nyuzi za skrubu kwenye alumini laini, na ringi iliyokwisha kuzoeana na silinda unaigeuza mkao inaanza upya. Kwenye Saito silinda na kichwa ni kipande kimoja, makalio ya valvu (pale valvu inapokaa ikifunga) yamechongwa humo humo ndani. Ukiyakwaruza, unanunua silinda nzima. Halafu kuna taimingi: kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, na ukirudisha gia yake ikiwa imeruka jino moja tu, injini haina nguvu au haiwaki kabisa. Alama ipo kwenye gia, na kijitabu kinaonyesha inapotakiwa kuelekea pistoni ikiwa juu. Ukilazimika kufungua, piga picha kabla hujaivuta.

Dalili za kufungua ni hizi: kompresheni imepotea na tapeti ziko sawa, beringi zinalia au zinakwaruza ukizungusha polepole bila plagi, au kipumulio kinatoa ule wekundu. Zaidi ya hapo, iache ifanye kazi.

Sasa tapeti, kama nilivyoahidi. Hii ndiyo kazi ambayo kila mmiliki anapaswa kuiweza mwenyewe.

Injini iwe baridi kabisa, baridi ya usiku kucha. Silinda ya alumini inatanuka kuliko pushrodi za chuma (vijiti vinavyosukuma valvu kutoka kwenye kamshafti), kwa hiyo injini ya moto ina nafasi kubwa zaidi kwenye tapeti. Ukirekebisha ikiwa moto, ikipoa nafasi inakwisha, valvu inabaki imefunguka kidogo, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inakufa.

Toa vifuniko vya roka amu (vile vikono vinavyobonyeza valvu). Toa plagi. Zungusha pangaboi kwa mwelekeo wake mpaka uone valvu ya kuingiza imefunguka na kufunga, endelea hadi pistoni ifike juu kabisa. Hapo valvu zote mbili zimefungwa, na ukizitikisa roka amu kwa kidole zinacheza kidogo sana. Kama moja imekaza, uko kwenye mzunguko usio wenyewe, zungusha duru moja zaidi. Kwa OS nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 0.04 na 0.10. Kibati cha 0.04 cha fila geji (seti ya vibati vya kupimia nafasi) kipite, cha 0.10 kisipite. Unalegeza nati kwa spana ya 5, unageuza skrubu ya katikati kwa ufunguo wa pembe sita wa 1.5, unakaza nati huku umeishikilia skrubu, halafu unapima tena, kwa sababu kukaza nati peke yake kunabadilisha kipimo. Saito iko karibu na hapo hapo, angalia kijitabu cha modeli yako.

Injini mpya ipimwe baada ya kuruka mara chache za mwanzo, maana valvu zinakaa chini kidogo kwenye makalio yake na nafasi inapungua. Tapeti iliyolegea inapiga kelele, hiyo utaisikia. Iliyobana haina kelele, inakula kompresheni kimya kimya na kuunguza valvu ya ekzosi. Kama huna uhakika, afadhali ilegee kuliko ibane.

Bin Seif, Maskati:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu una faida kubwa. Mimi naweka injini zangu chumbani penye eekondishen, nikidhani hewa kavu yatosha. Mbona moja imeota kutu na mimi naipaka oili?

Kipanga:

Waalaykum salaam sheikh. Chumbani penyewe ni salama. Tatizo linakuja unapoitoa. Injini ina baridi ya chumba, nje hewa ya pwani ya Maskati kiangazi imejaa unyevu, basi unyevu unageuka matone juu ya chuma na ndani yake pia kupitia kabureta na kipumulio. Ukiitoa iangalie utaona silinda inafifia kama kioo kilichopuliziwa. Kisha unairudisha ndani na maji yake.

Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukitoka nayo, acha mfuko umefungwa mpaka chuma kipate joto la nje, ndipo ufungue. Kabla ya kuilaza, zungusha mpaka pistoni iwe juu na valvu zote zimefungwa, mkao ule ule wa kupimia tapeti. Springi za valvu zinapumzika na silinda inazibwa pande zote. Kabureta ifungwe, ekzosi izibwe kwa kitambaa, na mpira wa kipumulio uzibwe pia.

Mbuyuni:

Mkuu nina Saito FA-82 nimeuziwa mtumba, imekaza kabisa. Pangaboi halisogei. Nipige stata?

Kipanga:

Usipige stata, na usining'inie kwenye pangaboi. Mara nyingi ni nyonyo iliyoganda tu, si kutu. Lakini valvu inaweza kuwa imegandia ikiwa wazi, na ukilazimisha krenki unapinda pushrodi.

Toa plagi. Tia oili nyepesi kwenye tundu lake, kwenye kipumulio, na juu ya mashina ya valvu baada ya kutoa vifuniko. Acha mpaka kesho. Kesho ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka bodi isishikike kwa mkono mtupu, kisha jaribu kusogeza pangaboi kidogo kidogo mbele na nyuma. Ikisogea milimita chache, ongeza oili, rudia joto. Usizungushe duru nzima mpaka uone kwa macho yako roka amu zote mbili zinapanda na kushuka. Moja ikibaki chini hairudi, simama hapo hapo, tia oili na joto kwenye shina lake, iguse taratibu mpaka irudi.

Mbuyuni:

Nimefanya kama ulivyosema, imefunguka! Roka zote zinarudi. Ila ukizungusha bila plagi kuna mkwaruzo kama mchanga, na karatasi nyeupe imetoka nyekundu.

Kipanga:

Hongera, umeokoa pushrodi. Sasa hiyo ni beringi, na usiiwashe hivyo hivyo, maana vipande vya kutu na vya keji (kishikio cha gololi za beringi) vitapanda mpaka kwenye ringi na silinda.

Hapa ndipo kufungua kunapostahili. Ukishatoa krenki, weka bodi tupu kwenye oveni nyuzi 150 hivi. Alumini inatanuka kuliko chuma cha beringi, kwa hiyo ukiigonga bodi juu ya ubao ikiwa moto beringi inadondoka yenyewe. Vaa glavu nzito. Isiyodondoka inahitaji joto zaidi kidogo, si nyundo. Kurudisha ni vivyo hivyo: beringi mpya ilale friza, bodi iwe moto, inateleza mpaka mwisho kwa msukumo wa kidole. Hakikisha imekaa sawa kabla joto halijashuka.

Huna haja ya kuagiza kwa jina la injini. Soma namba kwenye ukingo wa beringi ya zamani na uipeleke duka la beringi. Kwa mfano 6902 popote duniani ni 15 kwa 28 kwa 7 milimita, 607 ni 7 kwa 19 kwa 6. Kama namba imeliwa na kutu, pima kwa kalipa. Ya nyuma isiwe na kifuniko, oili ya kipumulio iifikie. Ya mbele ibakie na kifuniko upande wa pangaboi tu.

Chuma Chakavu:

Hapo nakubaliana nawe mkuu. Ongezea na kuhusu stata, vijana wanavunja koni rodi.

Kipanga:

Kweli kabisa, asante. Injini ikizidiwa mafuta, silinda inajaa kimiminika, na kimiminika hakibanwi. Ukiikandamiza stata hapo, koni rodi inapinda. Kwa hiyo kila mara, kabla ya stata, zungusha kwa mkono mpaka upite kompresheni mara mbili. Ikigoma kama imegonga ukuta, toa plagi, geuza ndege kichwa chini, imwage.

Na pangaboi lifungwe kwa nati mbili. Injini ya mipigo minne ikikosa mafuta inalipuka kabla ya wakati, inarudisha krenki nyuma kwa ghafla na kulifungua pangaboi likiwa kwenye mizunguko maelfu kwa dakika. Usisimame mbele wala ubavuni mwake. Sindano ya kabureta ifungue kidogo kutoka kilele cha mizunguko, ishuke 200 hadi 300 hivi, ndipo uruke. Nati ya ekzosi nayo ikazwe tena injini ikiwa ya moto, maana ikilegea angani inakula nyuzi zake na hapo ni silinda nyingine.

Mbuyuni, ukipata beringi rudi hapa kabla hujafunga mfuniko wa kamshafti, uweke picha ya alama ya gia pistoni ikiwa juu. Tuikague pamoja kwanza.